Bwana Kibali na Mtumishi Wake: Kutoka Stensili Hadi Video

Mmeniaga kwa saa ya ukutani, doti moja ya kitenge na hotuba tatu, na katika hotuba zote hizo hakuna aliyemtaja Bwana Kibali. Sikushangaa. Ninyi vijana wa ofisi yetu ya Chang'ombe, hapa Dodoma, mmekuta kompyuta mezani, mnachapa kadi za harusi na mabango ya semina, mnadhani ofisi ilianzia hapo. Ilianza na bwana mmoja wa kubuni asiyeweza kuvaa soksi zake mwenyewe, na mtumishi wake aliyekuwa akimvalisha soksi na kufikiri kwa niaba yake pia. Hao wawili ndio walionilisha na kunilelea watoto, kwa hiyo habari zao nazijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Tena katika historia yao kuna jambo moja nililolifanya mimi, na sijawahi kulisema mbele ya wafanyakazi wenzangu. Nitalifikia kwa zamu yake, maana nimezoea kupanga kurasa.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini, karani mchapaji katika shirika la umma ambalo sitalitaja, kwa kuwa lilikwishauzwa na aliyelinunua ana mawakili. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima vya dada yangu na nikakaa saa nne nzima bila kupewa kazi. Saa sita akaja mzee mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniuliza kama najua kukata stensili. Nikasema najua. Akasema, "Basi hujui. Anayejua huwa anauliza mashine ipi." Huyo alikuwa Mzee Mlewa, mkuu wa masjala, na ndiye aliyenifunza kila kitu.

Nyie hamkuziona stensili. Ilikuwa karatasi yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, kisha unapiga herufi moja moja ili chuma kikate nta. Ukipiga kwa hasira, herufi ya mviringo inatoboka kabisa na kila nakala inatoka na kitone cheusi. Ukipiga kwa uvivu, hakitoki kitu. Kosa lilipakwa dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, ukasubiri ikauke ukipuliza, halafu ukapiga upya. Mzee Mlewa alikuwa akiniambia nipige kila herufi sawasawa, ya jina la Mkurugenzi na ya jina la mfagizi, kwa sababu nta haijui vyeo. Baada ya hapo stensili inavishwa kwenye mashine ya kurudufu, na mtu mwenye mkono wenye nguvu anazungusha. Mikono yangu haikutakata wino kwa miaka tisa.

Tulichokuwa tunarudufu ni jarida la wafanyakazi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hotuba ya Mkurugenzi, wa pili wa michezo, wa tatu wa rambirambi, na wa mwisho ulikuwa wa hadithi ya Bwana Kibali na mtumishi wake Ndahani, iliyoandikwa na Mzee Mlewa bila kuweka jina lake. Watu wote waliusoma ukurasa wa mwisho kwanza. Wengi waliishia hapo hapo.

Bwana Kibali alikuwa afisa vibali. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, ilikuwa hivi: gunia la mahindi halikutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali, mfuko wa saruji haukutoka dukani bila kibali, na kibali chenyewe hakikutoka mpaka afisa arudi kutoka msibani. Katika hadithi ya kwanza niliyoichapa, Bwana Kibali anataka kusafirisha gunia lake mwenyewe kutoka Kibaigwa, lakini kanuni inamkataza afisa kujiandikia kibali. Afisa mwingine hakuna. Anakaa wiki tatu akila uji mwepesi. Ndipo Ndahani, kijana wa kijiji cha Zuzu aliyeacha shule darasa la nne, anaandika ombi kwa jina lake yeye, na Bwana analikataa mara mbili kwa kukosa viambatanisho. Mara ya tatu analipitisha, mahindi yanafika, na Bwana anauliza ni nani mwenye akili aliyebuni njia ile. Ndahani anajibu, "Ni kama Bwana alivyoniagiza jana." Bwana anakubali kwamba kweli, aliagiza.

Mzee Mlewa alikuwa mkali sana juu ya wale wawili. Nilipoanza kumsaidia kuandika, nilimfanya Bwana Kibali ampige Ndahani kofi. Alikata mstari huo kwa wembe. Bosi katili, alisema, watu wanamchukia na kufunga jarida. Mfanye bosi ajiamini, watu wataendelea kusoma waone atajikwaa wapi. Na Ndahani naye asiwe mjanja wa kuiba, maana wezi tunao wa kutosha nje ya hadithi. Alitaka wawe watu wawili wanaohitajiana na mmoja tu ndiye anayejua hivyo.

Halafu ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kupakia Kibaigwa bila kuuliza mtu, na siku ile redio ilipotangaza kwamba vibali vya nafaka havitakiwi tena, Mzee Mlewa alikaa masjala akiwa ameshika kichwa. Nilidhani kafiwa. Akasema, "Wamemuua Bwana wangu kwa tangazo la dakika mbili." Kwa toleo moja hapakuwa na hadithi, na wafanyakazi walikuja kulalamika mlangoni zaidi kuliko walivyowahi kulalamikia jambo lingine lolote katika shirika lile.

Mimi ndiye niliyemfufua Bwana Kibali, na hilo nalisema bila kuona haya. Nilipendekeza asiambiwe. Taifa zima lijue kuwa vibali vimefutwa, isipokuwa yeye. Anapeleka meza yake kando ya barabara kuu pale Kibaigwa, anapanga mihuri, anasubiri malori yasimame. Madereva wanasimama kweli, kwa sababu Ndahani amefungua mgahawa nyuma ya meza. Bwana anadhani foleni ni yake. Mzee Mlewa aliposoma rasimu hiyo alivua miwani, akaifuta, akaniambia sasa naweza kuitwa mwandishi. Hadithi hizo za barabarani tulizikusanya kuwa kijitabu chenye picha, nikichora mwenyewe kwenye stensili kwa kalamu ya chuma, na tulikwenda kukiuza sokoni Kibaigwa juu ya magunia. Madalali walikinunua kwa sababu kila mmoja alidhani Bwana Kibali ni afisa fulani aliyewahi kumsumbua. Maafisa nao walikinunua kwa sababu hiyo hiyo, kila mmoja akimdhania mwenzake.

Kutoka kijitabu tukaenda jukwaani, na huko ndiko yalikotokea yote. Uongozi ulitaka mchezo kwa ajili ya sherehe ya wafanyakazi. Mzee Mlewa akaita watu wa kuigiza, akakwama siku ya kwanza. Hakuna ofisa aliyekubali kuwa Ndahani, kubeba viatu vya mtu mbele ya walio chini yake. Na hakuna mtu wa chini aliyethubutu kuwa Bwana Kibali mbele ya mabosi, kwani nani angemhakikishia kuwa Jumatatu yake haitamwendea vibaya? Ndipo Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Shehoza, aliyekuwa amesimama mlangoni bila sisi kumwona, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye angependa kuwa Ndahani.

Bwana Shehoza alikuwa mtu wa Lushoto, mwembamba, mpole, mwenye mvi, aliyeswali kwa wakati na kusaini kila kitu. Kumbe shuleni alikuwa mwigizaji, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Na kwa kuwa Mkurugenzi amechukua utumishi, Mzee Mlewa alimwita mtu wa kuwa Bwana kutoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia: Lazaro, tarishi wetu. Lazaro alikuwa Mgogo wa Zuzu, mnene, mwenye sauti nzito iliyokuwa inapotea bure kwenye korido. Kila siku alizunguka mji kwa baiskeli akipeleka barua, na jioni alifunga madirisha. Katika onyesho la kwanza, alipomtuma Mkurugenzi akamletee ndala, akaletewa, akasema si hizo, akaletewa nyingine, watu walilia kwa kucheka. Jumatatu Lazaro alibeba mafaili kama kawaida na Bwana Shehoza alimwambia asante kama kawaida. Tukacheza miaka minne hivyo, mpaka Mpwapwa na Kondoa.

Mzee Mlewa alikuwa na namna yake ya kufanya mazoezi, na naomba muisikilize vizuri maana ndiyo chanzo cha balaa. Hakuamini katika kukariri. Wiki nzima kabla ya onyesho, kila saa ya chakula cha mchana, wawili hawa walikaa katika ofisi ya Mkurugenzi, kwa kuwa stoo ilijaa magunia matupu, na kwa saa hiyo nzima waliishi kama Bwana na mtumishi. Lazaro anakaa kwenye kiti cha kuzunguka akiwa na koti, Bwana Shehoza anavaa aproni na kushika sinia. Yeyote anayeingia lazima awaite kwa majina ya mchezo. Anayekosea anafagia stoo ya magunia, na vumbi lile lilikuwa linakaa kifuani wiki mbili. Mzee alisema mwili ukizoea, ulimi hautasahau. Alikuwa sahihi kupita kiasi.

Mwaka wa nne wa mchezo huo, shirika letu lilikuwa linapimwa. Serikali ilitaka kujua mashirika yapi yabaki, yapi yauzwe, na ndani yake nani apunguzwe. Neno redandansi lilikuwa limeingia Dodoma, na watu walilitamka kwa kunong'ona. Wataalamu wawili walikuwa waje kutoka Dar es Salaam siku ya Alhamisi saa tisa. Walifika saa saba na nusu. Walikuwa kijana mmoja mwenye tai na mkoba mgumu, na mama mmoja mkimya aliyeandika kila kitu. Mimi ndiye niliyewapokea, na mimi ndiye niliyefungua mlango wa Mkurugenzi nikiwaza stoo ya magunia, nikasema kwa mazoea, "Bwana, una wageni."

Lazaro aliinua kichwa kwenye kile kiti. Yule kijana akamwendea na mkono mbele, akampa shikamoo, akasema ni heshima kubwa kukutana na Mkurugenzi. Bwana Shehoza, mkubwa kwa miaka kuliko wote chumbani, alikuwa amesimama pembeni na sinia, na hakupewa hata habari za mchana. Nilimtazama. Alinitazama. Kila mmoja wetu alikuwa anasubiri mwenzake aseme. Mwili wa Lazaro uliozoea mazoezi ukamtangulia, naye akasema kwa ile sauti, "Ndahani, wageni hawajapata chai." Na Bwana Shehoza akamimina chai.

Mtaniuliza kwa nini hakusema pale pale. Nami nimejiuliza sana. Dakika ya kwanza ingekuwa kichekesho, wote tungecheka. Dakika ya tano, chai ilikwisha kunywewa na ingekuwa aibu. Baada ya nusu saa ingekuwa kosa la kinidhamu. Aibu ina tabia hiyo ya kupanda bei kadiri unavyoikawiza. Nilitoa daftari nikaanza kuandika muhtasari wa kikao, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Lazaro alijibu vizuri kuliko mkurugenzi yeyote niliyewahi kumwandikia muhtasari. Aliulizwa idara zinafanyaje kazi, akazieleza moja moja, maana yeye ndiye aliyekuwa akiingia kila chumba kila siku na kujua nani anafanya kazi na nani anasoma gazeti. Aliulizwa anahakikishaje maagizo yanafika, akasema kila faili analifikisha kwa mkono wake. Yule kijana alimgeukia mwenzake, akamwambia hiyo ndiyo aina ya uongozi inayotakiwa nchini. Mama mkimya akaandika. Bwana Shehoza akaongeza chai.

Kisha kijana akafungua karatasi yenye orodha ya nafasi, akashuka nayo kwa kalamu mpaka chini kabisa. Akasema, "Mkurugenzi, mnaye tarishi mmoja. Ofisi ikipata faksi, bado atahitajika?"

Nilisimamisha kalamu. Lazaro alikuwa na watoto watano na mama mgonjwa Zuzu, na mshahara wake ndio uliokuwa unawafikisha mwisho wa mwezi. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema atafikiri. Bwana Shehoza alikuwa hatua mbili kutoka mezani, ameshika chupa ya chai, midomo imefunguka kidogo. Lazaro aliegemea kiti, akaunganisha vidole juu ya tumbo, namna ile ile aliyokuwa akifanya jukwaani. Akasema, "Huyo? Ni mtu mzuri. Lakini kusema kweli hahitajiki." Kijana akapiga mstari.

Wakaondoka. Lazaro alivua koti, akalitundika, akaenda kufunga madirisha ingawa haikuwa jioni. Ijumaa nilichapa muhtasari, kwa sababu wataalamu walikuwa kwenye nyumba ya wageni mjini na walitaka nakala kabla ya kuelekea Singida. Hapa ndipo pangu, wenzangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimembadilishia Bwana Kibali maneno, nikikata mstari huu, nikiongeza ule, nikimwondolea upuuzi uliopitiliza. Ningeweza kuondoa sentensi moja. Ningeweza kuandika kwamba suala la tarishi litaangaliwa baadaye, maneno ambayo nimeyaandika katika mihtasari mia kuhusu mambo yasiyoangaliwa hata leo. Niliandika: Mkurugenzi alieleza kwamba tarishi hahitajiki. Nilijiambia kwamba mchapaji mwaminifu anaandika kilichosemwa. Ukweli ni kwamba niliogopa wangerudi kuuliza, na wakiuliza wangejua nani alifungua mlango. Niliona aibu siku ile na ninaiona ninapoandika sasa.

Nilimpelekea Bwana Shehoza asaini. Aliuliza kama nimeandika yote. Nikasema yote. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akakaa muda mrefu kwenye wa tatu, na akasaini bila kuinua macho. Nikaweka kwenye bahasha, nikaiweka kwenye trei ya barua za kutoka, nikaenda nyumbani. Jumamosi mchana mchezo ulifana, wanasema.

Ripoti ilikuja baada ya miezi mitatu. Iliusifu uongozi wa shirika letu. Ilifuta nafasi ya tarishi, ya karani mmoja wa masjala na ya walinzi wawili. Na ilikuwa na aya nzima juu ya mhudumu wa ofisi ya Mkurugenzi, mtu mzima, mtiifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu, ambaye alipendekezwa abaki kwa vyovyote. Nafasi hiyo haikuwahi kuwepo. Makao makuu hawakujali. Iliandikwa, kwa hiyo ipo, na baada ya wiki mbili walimleta mtu kutoka Dar es Salaam kuijaza. Alikuwa shemeji wa mtu. Hakujua hata kuchemsha maji.

Barua za kupunguzwa zilipofika, Lazaro ndiye aliyezisambaza, kwani bado alikuwa tarishi mpaka mwisho wa mwezi. Ya kwake aliibakisha mwisho, akaja kuifungulia kwenye meza yangu. Nilimuuliza lile swali nililokaa nalo miezi mitatu: kwa nini alijisemea vile? Hakukasirika.

"Dada Eli, nilipokuwa nimekaa pale nilimtazama yule tarishi," alisema. "Nikamtazama kutoka kwenye kile kiti. Na kutoka pale, kweli, hana kazi."

Mzee Mlewa alistaafu mwaka huo huo na hakuandika tena hadithi. Alisema Bwana Kibali ameingia serikalini, hamwezi. Mimi niliendelea nao redioni, tukirekodi kanda katika chumba kilichoning'inizwa mablanketi, tukisimamisha kila lori lilipopita barabarani na kuanza upya. Waigizaji walikuwa wengine, vijana wa chuo wenye sauti nzuri na Kiswahili kilichopigwa pasi. Wasikilizaji waliandika barua kuuliza yule Bwana wa zamani kaenda wapi. Alikuwa Chang'ombe, mtaa wa pili kutoka hapa, akiuza mafuta ya taa, betri na sabuni za kipande katika duka la mlango mmoja. Tulisalimiana kila wiki. Jambo lile hatukuligusa.

Shirika lilipouzwa, Bwana Shehoza naye aliondoka, akaenda kulima zabibu. Mimi na wenzangu watatu tukanunua taipureta mbili za shirika kwenye mnada, tukafungua ofisi hii mnayoijua. Wakati huo vibanda vya video vilikuwa vimejaa kila mtaa, na mwongozaji mmoja wa Dar es Salaam akatufuata akitaka kumweka Bwana Kibali kwenye video, tena akitaka waigizaji wa mwanzo. Nilikwenda dukani kwa Lazaro nikamwambia. Alikubali kwa sharti moja: hakai tena kwenye kile kiti. Atakuwa Ndahani. Bwana Kibali awe Shehoza.

Siku ya kurekodi ilikuwa kichekesho kabla kamera haijawashwa. Bwana Shehoza, aliyekuwa mkurugenzi miaka kumi na minne, hakuweza kuigiza ubosi. Aliomba badala ya kuamrisha. Alisema tafadhali. Mwongozaji alichoka, akamuuliza kama maishani mwake hajawahi kuona bosi hata mmoja. Bwana Shehoza akajibu kwamba aliwahi kuwaona, kwa mbali.

Katika maandishi yangu kulikuwa na mahali ambapo Bwana anamfukuza Ndahani, kisha anagundua hajui viatu vyake vinawekwa wapi. Kamera ikawa inazunguka. Bwana Shehoza alitakiwa aseme, "Ndahani, huna kazi tena kwangu." Alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Lazaro aliyekuwa amesimama mbele yake na aproni.

"Lazaro," alisema, "siku ile neno moja tu lingetosha. Nilikuwa nimevaa hiyo aproni, nikaionea aibu. Nisamehe."

Lazaro akaweka sinia chini, akatoa kitambaa begani. "Bwana, kiti hicho kina vumbi," alisema. "Inuka nikipanguse." Shehoza akainuka. Lazaro akapangusa kiti taratibu, mgongo, mikono, mpaka miguu, akamshika Bwana Shehoza kiwiko akamkalisha tena. Mwongozaji alikuwa anacheka mpaka kamera inatikisika. Alisema hajawahi kuona bosi wa kuchekesha kama yule, na akaiacha sehemu hiyo ilivyo, jina tu la Lazaro akalifunika kwa muziki. Nilikwenda kuitazama katika kibanda cha video. Watu walipofika pale walicheka kuliko popote, wakamtaka mwenye mashine airudishe nyuma waone tena yule bosi anavyomwomba msamaha mtumishi. Akairudisha, wakacheka upya. Mimi nilitoka nje.

Bwana Shehoza alikwishazikwa kwao Lushoto, akiwa ameomba msamaha wake, hata kama kwa mwongozaji ulikuwa mchezo. Mimi sikuwa nimeomba wangu. Kwa hiyo wiki iliyopita, siku mbili baada ya kuniaga kwa saa yenu ya ukutani, nilitembea mpaka dukani kwa Lazaro. Amezeeka, mwili umepungua, sauti ipo. Alikuwa anapanga sabuni. Nilimwambia nimestaafu, akanipa pole na hongera kwa pamoja. Kisha nikasema kwamba ule muhtasari wa siku ya wageni, wenye ile sentensi, niliuandika mimi, na ningeweza kutoiandika.

Lazaro aliendelea na sabuni zake.

"Najua, Dada Eli," alisema. "Nilikuona unaandika. Na ile Ijumaa jioni niliikuta bahasha kwenye trei, nikaipeleka kwa baiskeli mpaka nyumba ya wageni, nikaiacha mapokezi."

Miaka yote ile sikuwahi kufikiri ni nani aliyeitoa bahasha kwenye trei. Nilimuuliza, ikiwa alijua kilichomo, kwa nini hakuitupa mtaroni, nani angejua?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

"Ilikuwa na anwani," alisema. "Tarishi akianza kuchagua barua za kufikisha, huyo ndiye hahitajiki."